Maswali Tisa Yakifika Ukambani

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, katika uzima na katika ugonjwa. Mwandishi wake alikuwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyekabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938 akaisimamia hadi 1950. Kati ya mengi aliyoyasema, moja lilidumu kuliko mengine: kwamba sonona, ugonjwa unaomnyang'anya mtu usingizi, nguvu na hamu ya kuishi, ni nadra sana kwa Waafrika. Sababu aliitafuta vichwani mwetu. Alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Wasomi wa wakati ule walimsikiliza, kwa kuwa nyuma ya dai lake kulikuwa na hesabu na kwa kuwa kitabu kilibeba muhuri wa shirika la dunia nzima.

Hesabu hiyo ilitoka katika daftari za Mathari. Tujiulize basi ni nani aliyefika Mathari miaka ile kutoka Kitui au Makueni, huku Ukambani. Alifika aliyerushia watu mawe sokoni, aliyechoma nyumba, aliyeshikwa na askari wa chifu akafungwa kamba na kupakiwa kwenye lori. Mama aliyeacha kwenda shambani, ambaye moto wake wa jikoni haukuwaka siku tatu, aliyelala akiutazama ukuta na kujibu kila salamu kwa sauti ya chini, hakuna aliyemkodishia gari kumpeleka Nairobi. Yeye aliendewa kwa mundu mue, mganga wa kienyeji. Au wanawake wenzake walimchezea kilumi, ngoma ya pepo, usiku kucha ili kujua ni aimu (mizimu) gani wanaomdai. Au wamama wa kanisa walikuja kumwombea. Carothers hakumwona kwa sababu daftari lake halikuwa na mahali pa kumwandika, na alipomkosa daftarini akahitimisha kwamba hayupo duniani.

Nasimulia kisa hiki kwa wale wanaoingia vijijini siku hizi na hojaji za kupima sonona, na kwa viongozi wa kaunti wanaopokea ripoti zao. Carothers alikuwa mchapakazi, na alichokihesabu alikihesabu kwa makini. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba chombo alichokuwa nacho mkononi kinaona kila kitu, kisha chombo kiliposhindwa kuona, akaulaumu ubongo wa watu waliokuwa wakipimwa. Hatari hiyo haikuzikwa naye.

Waliomrekebisha walianza kwa kubadilisha mahali pa kutazama. Margaret Field alikwenda kwenye mahekalu ya waganga huko Ghana, na katika kitabu chake cha 1960 akaeleza habari za wanawake waliofika kule wakijishutumu kuwa wachawi, wakisema wameharibu watoto na jamaa zao. Ndani ya shutuma hizo aliona sonona nzito. Karibu zaidi na kwetu, John Orley na John Wing walitumia usaili mmoja wa kitabibu katika vijiji viwili vya Uganda na kwa wanawake wa Camberwell, London. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1979 yalikuwa kinyume kabisa na ya Mathari: sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vile kuliko kule London. Ubongo wa Mwafrika ulikuwa uleule wa mwaka 1953. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliondoka hospitalini, akaenda nyumbani kwa watu na kuwauliza.

Lakini kuuliza nako kuna mitego yake.

Mwaka 1999 Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke walitoa Marekani, kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, hojaji fupi iitwayo PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa raha katika mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya chakula, kujiona umeshindwa, kutuliza akili, kwenda polepole au kuhangaika, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Aliyefikisha 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona na anafaa kuchunguzwa zaidi. Ni hojaji nzuri. Haina malipo, inamalizika kwa dakika chache, na muuguzi wa zahanati anaweza kuitumia bila daktari wa magonjwa ya akili kuwa karibu. Katika nchi yenye uhaba mkubwa wa madaktari hao, hilo si jambo la kubezwa.

Sasa tumwazie mama mmoja, wa kubuni, anayeishi karibu na mto Thua, mashariki mwa Kitui. Ni mwezi wa kumi, mvua za msimu uliopita hazikunyesha, na mto umebaki mchanga mtupu wenye visima vya kuchimbwa kwa mikono. Kijana mhudumu wa afya ya jamii, mzaliwa wa mji wa Wote, Makueni, anafika na kishikwambi. Anaketi kwenye kigoda, anashukuru kwa maji aliyopewa, anaanza.

"Mwaitu, kwa wiki hizi mbili, umesumbuliwa na kukosa usingizi?"

"Mwanangu, kisimani tunapanga foleni saa tisa usiku. Usingizi nitautolea wapi?"

Kijana anagusa "karibu kila siku". Alama 3.

"Na uchovu?"

"Mitungi ni minne na punda ni mgonjwa."

Alama 3 nyingine. Swali la chakula: anakula mara moja kwa siku, na hicho kidogo hakimvutii kwa kuwa ni muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) uleule bila maharagwe. Alama 2. Swali la kutuliza akili limekuja na mfano wake kutoka Marekani, kusoma gazeti au kutazama televisheni, vitu ambavyo boma hili halina. Kijana anabuni mfano mwingine papo hapo, anauliza kuhusu kusikiliza mahubiri, na mama anakubali kwamba siku hizi kanisani anasinzia. Kijana anafikiri kidogo, anaweka 0, anaendelea. Swali la kwenda polepole: goti linamuuma tangu mwaka jana. Alama 2.

Jumla ni 10. Mama huyu anacheka na jirani zake, ana mipango ya kuuza mbuzi wawili mvua ikinyesha, anaimba akichota maji. Ukame, goti na punda mgonjwa vimemfikisha kwenye mpaka wa sonona bila tone la huzuni.

Katika boma la pili kuna mjane. Mwanawe wa kwanza alifariki mwaka uliopita. Huyu kila swali analijibu "siyo sana" au "niko sawa", kwa kuwa mama mkwe wake ameketi hatua mbili tu kutoka pale, na kwa kuwa anayemuuliza habari za kukata tamaa ni kijana wa umri wa mwanawe aliyemzika. Angeulizwa kuhusu moyo unaomuuma na kichwa kinachochemka usiku, angezungumza hadi jioni. Hayo hayamo kati ya maswali tisa. Anapata 4. Kijana anashukuru, anafunga kishikwambi, anaondoka.

Katika ripoti wa kwanza ni mgonjwa na wa pili ni mzima. Zidisha maboma hayo mawili kwa mamia, uone kaunti itakavyopanga bajeti yake.

Hata hojaji isiyo na makosa makubwa kama hayo inaweza kupotosha. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Watu 1,000, wenye sonona ya kweli 60. Hojaji inawanasa asilimia 80 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 80 ya wazima, sifa ambazo watu wengi wangezikubali. Itawanasa wagonjwa 48. Lakini kati ya wazima 940, itawanasa pia 188. Walionaswa ni 236, na wagonjwa kati yao ni mmoja kwa kila watano. Mtafiti akiandika kwamba karibu robo ya wanakijiji wana sonona, hajasema uongo kuhusu alama alizozihesabu. Amekosea kwa kuiita alama ugonjwa. Vichwa vya habari vitaipenda robo hiyo. Muuguzi wa zahanati, aliye peke yake, ndiye atakayeletewa watu 236.

Ndiyo sababu hojaji ithibitishwe mahali itakapotumika, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Mtu mmoja anauliza maswali ya hojaji. Mwingine, tabibu anayezijua lugha na desturi za mahali, anamhoji mtu huyohuyo kwa kirefu bila kujua alama alizopata. Mwisho wake majibu ya pande mbili yanalinganishwa: nani alinaswa kwa haki, nani alionewa, nani aliachwa. Mpaka wa alama unawekwa kutokana na ulinganisho huo, na hautolewi kwenye makala ya Marekani.

Mfano mzito kuliko yote ninayoijua katika Afrika Mashariki ulitoka Dar es Salaam. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walikagua orodha ya dalili iitwayo Hopkins kwa wanawake wajawazito wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Katika orodha hiyo kila jibu ni kati ya 1, yaani hapana kabisa, na 4, na wastani uliozoeleka kuwa mpaka duniani ni 1.75. Walipolinganisha na usaili wa kitabibu, mpaka uliowafaa wanawake wale ulikuwa 1.06. Wastani wa 1.06 ni wa mtu aliyejibu "hapana" karibu mfululizo, akaachia malalamiko kidogo tu. Kwa wanawake wale, kidogo hicho kilitosha kuwa ishara. Mtu angewapima kwa mpaka uliozoeleka, angewaandika wengi wao kuwa wazima, na angeweza kabisa kurudi kwenye hitimisho la Carothers akiwa na kompyuta mkononi.

Tusikimbilie hitimisho la upande wa pili pia, kwamba kila kabila lina sonona yake isiyofahamika na wengine. Mwaka 2006 Marekani watafiti walilinganisha majibu ya PHQ-9 ya wagonjwa weupe, weusi, wenye asili ya China na wa Kilatino, wakaona kwamba kwa ujumla maswali yale yanapima kitu kimoja katika makundi yote manne. Ila wote hao walikuwa wagonjwa wa kliniki, katika nchi moja. Kinachoipotosha alama ni maisha yanayomzunguka mtu: njaa, umbali wa maji, nani ameketi karibu, nani anauliza, na anayeulizwa anadhani jibu lake litamletea nini. Mwenye kishikwambi akidhaniwa kuwa anaandikisha watu wa msaada wa chakula, kulalamika kutakuwa na faida. Akidhaniwa mtu wa serikali, kunyamaza ndiko salama. Rangi ya ngozi haielezi lolote kati ya hayo.

Kuna njia nyingine, ya kuanza na watu kabla ya kuanza na karatasi. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika Masaka na Rakai, Paul Bolton, Lincoln Ndogoni na wenzao waliwauliza wanakijiji kwanza ni matatizo gani yaliyowapata baada ya Ukimwi kuingia, wakawaacha wayataje kwa maneno yao. Kutokana na majibu hayo waliziona hali mbili ambazo watu wenyewe walizitambua, zenye dalili za sonona, wakairekebisha orodha ya Hopkins iendane nazo. Wakaongeza pia maswali ya kazi za kila siku ambazo mwanamke au mwanamume wa kijiji kile hutarajiwa kuzifanya: kulima, kupika, kujisafisha, kushiriki mambo ya jamii. Mgonjwa alikuwa yule mwenye dalili na aliyeshindwa pia kazi hizo. Mama wa Thua angepimwa hivyo asingehesabiwa mgonjwa, kwa sababu kazi zake zote anazifanya. Tiba ya mazungumzo katika vikundi iliyojaribiwa kule, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2003, iliwasaidia watu kwa kiasi kikubwa. Naamini maandalizi yale ya mwanzo yalichangia sana.

Hapa Kenya PHQ-9 ya Kiswahili imekaguliwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2006 ilikuwa kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, na mwaka 2009 yalitoka matokeo ya watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa nchi, chini ya mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret. Kazi hizo zinastahili heshima. Lakini mgonjwa wa saratani aliye hospitalini na mkulima wa Kyuso, Kitui, hawako katika hali moja, na mama wa Kyuso haulizwi kwa Kiswahili. Anaulizwa kwa Kikamba, mara nyingi na mtu anayesoma Kiswahili kwenye kioo na kutafsiri kichwani mwake, kila mmoja kwa njia yake. Kikamba cha Kitui na cha Makueni nacho hakilingani kila neno. Wahoji kumi wakitafsiri hivyo, kuna hojaji kumi, na hakuna hata moja kati yake iliyothibitishwa.

Makueni ina la kuwafundisha wengine. David Ndetei, Victoria Mutiso, Christine Musyimi na wenzao waliipeleka katika zahanati za kaunti hiyo miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kutibu magonjwa ya akili mahali pasipo na wataalamu. Kabla ya mafunzo walipiga hatua ambayo wengi huiruka. Walifanya vikao vya pamoja vya waganga wa kienyeji, wahubiri wanaoombea wagonjwa na wahudumu wa afya, watu waliozoea kutoaminiana, wakawaacha wasemezane namna ya kupelekeana wagonjwa. Faida yake kwa upimaji ni kubwa. Mjane wetu, yule wa alama 4, huenda hatawahi kufungua moyo mbele ya kijana na mama mkwe, lakini mganga au mhubiri tayari ameyasikia yote. Mtu anayetaka kujua kama hojaji yake inawaacha wagonjwa, awatafute kwa wale waliokwenda kuombewa, awaulize maswali tisa, aone wangapi wanafikisha 10. Ni ukaguzi wa bei nafuu, na ni kinyume cha alichofanya Carothers, aliyengoja wagonjwa waletwe getini.

Kitui haiwezi kuazima majibu ya Makueni na kuishia hapo, ingawa kabila ni moja na ukame ni mmoja. Inaweza kuazima utaratibu. Na kila anayekuja na kishikwambi aulizwe mambo ambayo chifu, muuguzi au diwani yeyote anaweza kuyauliza bila digrii: maswali haya yaliulizwa kwa Kikamba cha wapi, na nani alikaa na mgonjwa kwa usaili mrefu kuyathibitisha? Mpaka wa alama mlioweka ulitoka kwa watu gani? Mlipima msimu wa mavuno au msimu wa njaa? Mkimpata anayetaka kujidhuru leo jioni, mtampeleka kwa nani? Asiye na jibu kwa swali hilo la mwisho asianze.

Swali la tisa lenyewe linahitaji neno la peke yake. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, la kifungo cha hadi miaka miwili. Mama aliyeulizwa kama amewahi kuwaza kujidhuru, na mgeni anayeandika jina lake kwenye mashine, alikuwa na sababu nzuri ya kusema hapana. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo sifuri zilizojazwa kwenye swali la tisa kabla ya hukumu hiyo zilijazwa chini ya hofu ambayo sasa haina msingi wa kisheria, lakini bado imo vichwani mwa watu wengi ambao hawajasikia habari za hukumu. Hojaji iliyothibitishwa Ukambani kabla ya tarehe hiyo irudiwe, hasa katika swali hilo, baada ya wanaoulizwa kuelezwa na mtu wanayemwamini, kwa Kikamba chao, kwamba hakuna askari atakayefika bomani kwa sababu ya jibu lao.